Shikamoo ya Juu ya Tukutuku

Siku niliyomsalimia mjomba wangu nikiwa nimekaa juu ya tukutuku, injini ikiunguruma, nilikuwa na sababu nzuri. Naanza na sababu hiyo kwa kuwa tangu siku ile mpaka leo hakuna mtu aliyekubali kukaa chini aisikilize.

Tukutuku ndilo jina tulilolipa pikipiki zama za Mwingereza. Yangu niliinunua kwa Mzungu mmoja wa Nachingwea, wakati ule mradi wao wa karanga ulipowashinda na wenyewe wakawa wanafungasha mizigo. Ilikuwa imefanya kazi jeshini, rangi ya majani makavu, nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Chuma chake cha kuegemea kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo haikuweza kusimama peke yake. Tena ukiizima ikiwa ya moto haikuwaka mpaka ipoe. Mwenye kuipanda alikuwa ama akae juu yake ikiunguruma, ama ashuke, ailaze chini ubavu kama mgonjwa, halafu angoje kwa saburi. Taa haikuwa nayo. Mzungu aliniambia taa ilibaki Misri, na mimi nikaona hilo ni jambo la fahari.

Nilikuwa nimerudi kutoka Makerere muda si mrefu, nafundisha shule ya kati karibu na Masasi. Nilikuwa na soksi ndefu nyeupe na koti la chuo lenye nembo kifuani, ambalo nililivaa hata jua lilipokuwa la kupasua mawe, ili nembo isipate taabu ya kutoonekana. Jumapili moja nikapanda Newala kumwonyesha mjomba chombo changu.

Mjomba alikuwa seremala, kaka mkubwa wa mama yangu. Kwetu sisi watoto ni wa ukoo wa mama, na baba, hata akiwa mtu mwema, ni kama mgeni aliyekaa sana. Mwenye neno juu yako ni mjomba. Huyu wangu ndiye aliyenishika mkono nikiwa sijui kufunga kaptura akanipeleka shule ya misheni pale Lulindi, na ndiye aliyewaambia wazee, nilipoitwa Makerere, kwamba mtoto aende. Nilimkuta siku ile njiani, anatoka kanisani na wazee wenzake, kofia yake ya feli, ile ya sufu ya Kizungu, kichwani. Nikasimamisha tukutuku mbele yao, mguu mmoja chini, na kwa kuwa injini ilikuwa na sauti kubwa nikapaza yangu kuishinda.

"Shikamoo mjomba!"

Shikamoo ni neno la mtu aliye chini. Maana yake, wazee husema, ni kushika miguu, na mimi miguu ya mjomba nilikuwa naitazama kutoka juu, kama mtu aliyepanda mkorosho. Alilitazama gurudumu, akalitazama tangi, akaitazama nembo, akaendelea kutembea. Mzee mmoja aliyekuwa naye alishaanza "Mara—" kisha akameza iliyobaki.

Nilidhani hakusikia. Kwa hiyo, na hapa ndipo elimu yangu ilipojionyesha, nikaendesha polepole kando yake na kurudia kwa sauti zaidi. Nikawa namfukuza mtu barabarani kwa shikamoo.

"Kuna kitu kinaunguruma," mjomba akawaambia wenzake. "Ninyi hamkisikii?"

Nilipofika kwake nilikilaza chombo katika mihogo, nikatembea kwa miguu yangu miwili mpaka barazani, nikasema tena, kwa sauti ya adabu. Akaniuliza kama nimekula.

Kuanzia hapo, kwa mwaka mzima, mjomba alizungumza nami juu ya kila kitu. Aliniuliza habari za Masasi, bei ya misumari, afya ya mama yangu, kama ni kweli Waganda hula ndizi asubuhi na jioni. Ila marahaba hakunipa. Nilipanda Newala kwa basi, nilipanda kwa miguu, nilipanda nyuma ya lori la korosho nikifika na vumbi mpaka ndani ya masikio. "Shikamoo mjomba." "Ah, ni wewe. Mvua huko ikoje?" Na kama nilikuwa na mtu mwingine, binamu yangu mdogo kwa mfano, alimwitikia yule kwa wingi: "Marahaba, marahaba, mwanangu, marahaba sana," akimtazama yeye na kuniacha mimi nione kwamba ghala limejaa.

Mama yangu alipeleka wazee wamwombee. Alipeleka na kuku. Mjomba alimla kuku, akamsifu, akarudisha sahani ikiwa safi. Kwa wazee alisema neno moja, kwa Kiswahili chake cha Kimakonde: "Ntu hakushuka."

"Lakini ameshashuka mara nyingi, bwana mkubwa."

"Ile ya kwanza hakushuka."

Yapo maeneo duniani ambako mtu akinyimwa salamu anapata tu utulivu zaidi. Kwetu haikuwa hivyo. Mtu ambaye mjomba wake hajamwitikia hana pa kusimama katika ukoo; ni kama mtoto ambaye bado hajazaliwa na tayari ana madeni ya adabu. Katika kikao cha posa ya dada yangu nilitoa hoja nzuri sana, yenye utangulizi na kiini na hitimisho kama tulivyofundishwa. Nilipomaliza, mjomba aliwatazama watu wote mmoja mmoja akauliza kama kuna yeyote mwenye la kusema. Na Newala nzima ilikuwa na habari. Nikipita sokoni watu walinyanyua miguu yao kidogo, wakaitazama, wakaniuliza, "Mwalimu, unaiona kutoka huko uliko?" Jina langu likawa Hakushuka. Hata wanafunzi wangu kule Masasi walilijua, na walilitumia katika sentensi za sarufi wakidhani sielewi.

Mama ndiye aliyeumia. Alikuwa anaishi nami katika nyumba ya mwalimu, na kila niliporudi kutoka Newala hakuniuliza kaka yake hajambo. Aliuliza, "Amekuitikia?"

Basi jioni moja ya kipupwe alikuja mpaka mlangoni mwa darasa, nguo zake za jikoni bado mwilini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Abiria wa basi la Newala alikuwa amemletea habari. Kaka yake yuko chini, hali chakula, maji yenyewe yanarudi.

"Nenda," alisema. "Mimi nitafuata kwa basi."

"Nitakwenda nimwone, mama."

"Wa kumwona wapo wengi. Nenda akuitikie."

Giza lilikuwa limekwishaingia na taa ilikuwa Misri. Nikangoja kukuche. Mama alinifungia mihogo ya kuchemsha katika kitambaa, akashika usukani kama mtu anayemshika ng'ombe pembe.

"Ukifika shuka mbali," alisema. "Shuka mbali kabisa, usikie wewe peke yako jinsi unavyoshuka."

Niliondoka majabali ya Masasi yakiwa bado meusi, na baridi ile inayoingia kwenye mikono ya koti ikapiga kambi kwapani. Barabara ya kwenda Lulindi siku hizo ilikuwa mchanga uliokubali kuitwa barabara kwa heshima ya Bwana DC. Tukutuku mchangani haiendeshwi, hubembelezwa; ukiipa moto sana inachimba, ukiipunguzia inalala. Nilianguka mara kadhaa, na kila nilipoanguka palikuwa na mtu wa kutazama. Hiyo ni sheria ya nchi yetu. Unaweza kwenda mwendo mrefu bila kuona hata mbuzi, lakini anguka tu, na mzee mwenye jembe atakuwa amesimama pale tangu juzi.

Tangu mkasa wa mjomba nilikuwa nimekuwa mpanda tukutuku mwenye adabu kuliko wote katika Jimbo la Kusini. Nilipoona mvi, nilizima, nikashuka, nikailaza, nikasalimu, nikangoja ipoe. Safari ya kwenda kununua chumvi ilikuwa ikinichukua kutwa. Lakini asubuhi ile, kwa kuogopa kuchelewa, nilikaza macho mbele kama askari wa gwaride nikapita Lulindi bila kumwona mtu yeyote, wala kanisa, wala mwembe wa shule yangu, wala mwalimu wangu wa zamani ambaye nasikia alisimama njiani na mkono juu.

Baada ya hapo nchi ikaanza kuinuka. Ukitoka Masasi kwenda Newala unaiona safu ya uwanda wa Wamakonde mbele yako kama ukuta ambao mtu ameukata kwa msumeno na kusahau kuupiga randa. Barabara inapanda kwa kujipinda, udongo unageuka kutoka mweupe kuwa mwekundu, vichaka vinasogea karibu mpaka matawi yanakupapasa mabega. Kila kona ilinipa gia ya chini na sauti mpya ya injini. Upepo ulikuja na harufu ya majani yenye umande. Nilipogeuza shingo niliona vilima vya Masasi vimebaki huko chini kama mawe aliyoyasahau mtoto baada ya mchezo, na upande mwingine bonde la Ruvuma lilikuwa limejaa ukungu mweupe, na ng'ambo ya ukungu ilikuwa nchi ya Mreno, ya buluu, isiyo na habari na mtu.

Ukatili wa kwanza wa siku ile ulikuwa huu: safari ilikuwa nzuri. Nilikuwa peke yangu, kijana, juu ya mashine, na dunia yote imetandikwa chini ya soksi zangu. Mjomba anakufa, na mimi nilikuta mdomo wangu unaimba. Nikaufunga. Kona iliyofuata ukafunguka tena wenyewe.

Karibu na kileleni injini ilikohoa ikafa. Ilikuwa imechemka. Nikailaza kando ya barabara, nikakaa juu ya jiwe, nikala mihogo ya mama, na mihogo mikavu ikanikumbusha kwamba sikubeba maji.

Juu ya uwanda hakuna maji. Mji wa Newala uko juu pale kwenye upepo na mandhari, na chemchemi ziko chini bondeni, na kati ya hayo mawili kuna wanawake. Kila siku walishuka ule ukuta na kuupanda tena, mtungi kichwani. Basi nilipokuwa pale juu ya jiwe niliwasikia wanakuja kwa njia ya miguu inayokatiza barabara, wanapumua kwa pamoja. Walikuwa kundi, wa umri wa mama yangu, wengine zaidi, wana mitungi na madebe. Walikuwa wamejaza hadi ukingoni, wametia majani juu yasimwagike. Nilisimama upesi.

"Ala," akasema wa mbele, mwanamke mrefu mwenye ndonya ya kizee, kile kipande cha mti, katika mdomo wa juu. "Si Hakushuka huyu?"

"Leo kashuka," akasema mwingine.

"Kashushwa. Tazama chombo kilivyolala."

"Shikamooni, mama zangu," nikasema.

"Hapana, hapana. Usitusalimie kwa jumla kama mbuzi wa mnada. Mmoja mmoja."

Nikawasalimia mmoja mmoja, nimeinama, nao wakiwa na mitungi vichwani hawakuweza kuinamisha shingo, kwa hiyo waliniitikia wakiangalia juu ya kichwa changu, kwa uzito, kama watu wanaoagiza kitu dukani. Marahaba. Marahaba, baba. Marahaba, mwalimu, miguu yangu umeiona? Wakacheka, lakini cheko lao lilikuwa fupi. Nililiona kuwa fupi nikalihesabu kuwa ni kwa sababu ya mlima.

"Mama," nikamwambia yule mrefu, "naomba maji kidogo. Koo limekauka."

Mikono yote ikapanda kushika mitungi.

"Maji haya si ya kunywa," akasema.

"Yana nini?"

"Yana mwenyewe."

"Nani huyo, nimwombe?"

"Ni ya mjomba wako."

Nami nikacheka. Najua sasa kwamba nilicheka, kwa sababu walinyamaza wote. "Kumbe ameanza kuninyima na maji!" nikasema.

Mmoja wa wale wadogo alianza kucheka, kisha akaushika mdomo wake kwa kiganja, na debe lake likayumba. Yule mrefu akapiga hatua. Alipokuwa ananipita alisema, bila kugeuka, "Akuitikie kama tulivyokuitikia sisi." Sikujua kama ni dua au ni kejeli, na nimeligeuza neno lile pande zote kwa miaka na bado silijui. Waliingia kichakani kwa njia yao ya mkato, na mimi nikabaki na mashine yangu ya kisasa tukingoja kupoa.

Huku kwetu mfiwa haambiwi msiba njiani. Anaambiwa amekwisha keti, na mtu anayestahili kumwambia. Ni desturi nzuri. Siku ile ilinifanya nipande sehemu iliyobaki nikiwa na hasira ndogo juu ya maji.

Juu ya uwanda kulikuwa na ukungu, ule wa kipupwe unaokaa Newala mpaka jua lichoke kuusukuma. Nilipita boma, nikapita maduka, nikaingia njia ya mihogo iendayo kwa mjomba pembeni mwa mji, na mbali, mbali kabisa kama nilivyoagizwa, nikazima injini. Nikashuka. Nikakisukuma kile chuma katika mchanga, jasho likinitoka ndani ya koti, huku nikijifanyia mazoezi ya neno langu kwa sauti ya chini.

Kisha nikasikia msumeno.

Hakuna sauti niliyoijua kuliko ile. Ilitoka kwenye kibanda cha kazi mbele ya nyumba. Nikasogea, na ndani ya ukungu nikamwona mjomba wangu amesimama mbele ya meza yake ya useremala. Kofia ya feli. Aproni ya turubai. Miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alikuwa ameinamia ubao, futi yake ya kukunja mkononi, penseli sikioni, na alikohoa kile kikohozi chake cha mara mbili, kikavu, kama mtu anayebisha hodi.

Nilimshukuru Mungu, nikamkasirikia yule abiria wa basi, nikamhurumia mama aliyelia usiku kucha bure, yote kwa wakati mmoja. Niliiachia tukutuku ianguke inavyotaka. Nilikwenda mpaka kwenye meza, nikapiga goti ndani ya maranda, soksi nyeupe na yote.

"Shikamoo mjomba."

Aliendelea kupima. Alitia alama kwa penseli. Akakohoa.

"Umekuja na lile dude?"

"Nimeliacha mbali, mjomba. Nimeshuka."

"Ntu kashuka," akauambia ubao.

Nikangoja. Niliona anafikiri. Niliona kabisa, nyuma ya miwani, mtu anayepima neno kama alivyopima mbao, na nikajua kwamba linakuja.

"Basi sogea kando," akasema. "Unanizibia mwanga, na hili ni jeneza langu. Nikikosea kipimo nitalala nimekunja magoti."

Akageuka, na hakuwa mjomba. Alikuwa mtani wake, mzee wa ukoo ule ambao umetaniana na wetu tangu kabla ya misheni. Ameivaa kofia ya mjomba, miwani ya mjomba, kikohozi cha mjomba. Na kutoka nyuma yangu, chini ya upenu wa nyumba, walikokuwa wamekaa wafiwa wote kwenye mikeka wakitazama tangu nilipotoka katika ukungu, kilipanda kicheko kikubwa kuliko nilivyowahi kusikia katika msiba. Wajukuu walicheka. Katekista alicheka. Mke wa mjomba, mwenye kilio chenyewe, alikuwa amejifunika uso kwa kanga na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mpaka leo sijui kilikuwa kilio au kicheko.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Ndani. Ananingoja nimalize. Unamjua mwenyewe, hapendi kazi ya haraka."

"Mwitikie basi, wewe," mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka mkekani. "Mtoto wa watu kapiga goti."

Mtani alivua miwani, akaifuta kwenye aproni jinsi mjomba alivyokuwa akiifuta, akaivaa tena. "Mimi hapa ndiye yeye," alisema. "Na yeye hakuitikia. Nikiitikia nitakuwa nimemsingizia marehemu." Kisha akakunjua futi, akanipima bega kwa bega nikiwa bado chini. "Mwembamba. Kwa huyu mbao zitabaki."

Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia msibani unatozwa faini, na aibu inabaki juu. Basi nikacheka pamoja nao, nimepiga goti, maranda yakinichoma magotini. Na lililo baya zaidi ni kwamba nilicheka kweli. Alikuwa amempatia.

Mlangoni mwa nyumba mitungi na madebe yalikuwa yamepangwa mstari, majani bado juu yake. Wale wanawake walikuwa wamefika kabla yangu. Ndipo nilipoelewa ni maji gani niliyoyaomba kule kwenye kona. Yule mrefu alikuwa amekaa kando ya mtungi wake, naye akanitazama na kutikisa kichwa kidogo tu, kuniambia kwamba ndiyo, ndiyo hayo.

Mke wa mjomba aliniita pembeni. Alikuwa na haki ya kuniambia, akaniambia: alifariki alfajiri.

"Hakunitaja?"

"Alikutaja. Nilimwambia, 'Dada yako ameshapelekewa habari, mwanao atakuja.' Akauliza, 'Hicho chombo chake kina taa?'"

"Ukasemaje?"

"Nikasema sijui mambo ya vyombo. Akasema, basi."

"Basi vipi?"

"Basi tu."

Sikumwuliza kwa sauti gani. Kuna mambo ambayo mtu mwenye digrii huyaacha bila utafiti.

Waliniruhusu kuingia kabla hawajamwosha. Nilisimama miguuni pake, mahali pake hasa pa neno lile, nikalisema tena kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Uso wake ulikuwa uleule. Mtu aliyezoea kutojibu, kifo hakimbadilishi sana. Kisha watani wakaingia na maji wakanitoa nje, kwa kuwa kazi ile ni yao, na maji yalikuwa ya kumtosha yeye tu.

Tulimzika siku ileile jua likielekea kushuka. Mtani alitangulia kuingia kaburini kujaribu kama panalalika, akasema pana baridi lakini majirani hawana kelele. Mama yangu alifika na basi baada ya udongo kukanyagwa. Alishuka, akaniona, akanijia moja kwa moja kati ya watu wote wale, na kabla ya kulia aliuliza.

"Alikuitikia?"

Mtani alinisaidia. "Alipiga goti vizuri sana, Mama Mwalimu," alisema. "Sijaona goti kama lile."

Mama alikaa chini palepale barabarani.

Siku ya kuondoa matanga ukoo uliketi. Kwetu jina la mjomba haliachwi kaburini. Anapewa mpwa mmoja, na akishalipokea yeye ndiye mjomba: si mfano wake, ni yeye. Wake za ndugu zake watamwamkia, wakubwa zake kwa umri watamwinamia, na shauri la ukoo litakaa mdomoni mwake. Mpwa mkubwa nilikuwa mimi. Wala hapakuwa na mjadala. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote waliokuwapo, alisema tu, akiwa anatazama mkeka, kwamba jina halimkai mtu ambaye mwenye jina hakumwitikia, na wengine wakaitikia kwa kuguna, na mama yangu naye akaguna, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Wakampa binamu yangu mdogo, mtoto wa mama mdogo. Alikuwa fundi mwanagenzi kwenye baraza la duka moja pale Newala, kazi yake kushona vifungo. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na suruali aliyokuwa ameivaa siku ile ilikuwa yangu. Walimkalisha kwenye kigoda, wakampaka unga kwenye paji la uso, wakamvika ile kofia ya feli, ambayo ilimshuka mpaka masikioni. Kisha watu wakaanza kupita mbele yake mmoja mmoja, wazee kwa mabibi, kumsalimia. Shikamoo mjomba. Shikamoo kaka. Naye akawa anaitikia, anaitikia, macho yamemtoka.

Mama alinisukuma mgongoni. "Nenda."

"Mama, huyu ni mdogo wangu."

"Alikuwa. Nenda, nimekuambia."

Nikaenda. Nikapiga goti juu ya mkeka mbele ya suruali yangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba," alisema, kabla sijamaliza, mbiombio kama mtu anayepokea chungu cha moto na kutafuta pa kukiweka. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Nyuma yangu nilisikia mama anashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na mabibi wakaanza kupiga vigelegele. Kwa hesabu ya ukoo jambo lilikuwa limekwisha. Mjomba alikuwa ameniitikia, tena mbele ya mashahidi. Mama alikuwa analia na kucheka, anawashika watu mikono.

Nilikuwa bado nimeinama. Binamu yangu aliinama pia, kama anayenipa baraka, mpaka ukingo wa kofia ukanigusa paji la uso.

"Kaka," akaninong'oneza, "nimesema sawasawa?"

"Umesema sawasawa, mjomba," nikamwambia, nikaondoka mbele yake kuwapisha waliokuwa wanangoja.